Reli ya Kutoka Katikati ya Jiji Hadi Uwanja wa Ndege: Mwongozo Kamili wa Kuipanga, Kuijenga na Kuiendesha

Mjadala wa reli ya uwanja wa ndege ukianza, neno la kwanza huwa ni kasi. Wanasiasa hutaja kilomita 160 kwa saa, magazeti huchora treni yenye pua ndefu, na swali la abiria atashukia wapi huahirishwa hadi kikao kingine. Mwongozo huu unaanzia upande huo mwingine. Abiria huanza kuhesabu dakika anapofunga mlango wa nyumbani na humaliza anapofika kwenye kaunta ya uwanja wa ndege, na sehemu kubwa ya dakika hizo huishia kwenye kutembea, kusubiri, kubadilisha usafiri na kuburuta sanduku. Reli inayopunguza muda huo hujaa. Reli inayokimbia sana lakini ikamshusha mahali pasipomfaa hupiga safari ikiwa nusu tupu.

Tutatumia mfano mmoja wa kubuni mwanzo hadi mwisho ili hesabu zishikike: uwanja ulio kilomita 24 kutoka katikati ya jiji, unaopitisha abiria milioni 12 kwa mwaka. Weka takwimu zako mahali pa zetu, hatua zitabaki zilezile.

Hatua ya 1: Jua nani atapanda

Ripoti nyingi za upembuzi yakinifu huanza na idadi yote ya abiria wa uwanja, na hapo ndipo zinapoharibika. Anza kwa kuondoa wanaounganisha ndege, maana hao hawatoki nje ya jengo. Tuseme ni asilimia 20. Wanabaki milioni 9.6. Kisha uliza ni wangapi wanatoka au wanakwenda mahali ambapo reli itafika, si mji mzima. Wakiwa asilimia 45, wamebaki milioni 4.32. Mwisho, katika hao, wangapi watachagua treni badala ya teksi, gari la ndugu au basi? Kwa huduma nzuri, chukua asilimia 35. Unapata takriban milioni 1.5 kwa mwaka, yaani safari 4,140 hivi kwa siku. Usizidishe kwa mbili: takwimu za uwanja humhesabu mtu anapoondoka na humhesabu tena anaporudi, kwa hiyo kila abiria kwenye takwimu ni safari moja ya nchi kavu.

Sasa hesabu wafanyakazi. Makadirio yanayotumika sana ni ajira karibu 1,000 uwanjani kwa kila abiria milioni moja, hivyo uwanja wetu una watu 12,000: wapakiaji mizigo, walinzi, wasafishaji, mafundi wa ndege, wauza maduka, maofisa wa uhamiaji. Kwa kuwa kazi ni za zamu, tuseme asilimia 60 wanafika siku yoyote ile. Hao ni 7,200, na kila mmoja ana safari mbili: 14,400. Asilimia 30 wakipanda treni, unapata safari 4,320 kwa siku.

Wafanyakazi wamewapita wasafiri. Tena wasafiri hupungua msimu usio wa likizo, lakini msafishaji wa zamu ya alfajiri anakuja wiki zote 52. Jambo hili linatawala maamuzi yote yanayofuata: saa za kuanza huduma, vituo vya katikati, na nauli. Mpango unaowaona watu wenye masanduku tu umeacha nusu ya wateja wake barabarani.

Jumla ni safari 8,460 kwa siku. Saa yenye msongamano hubeba karibu asilimia 10, na upande mmoja huwa mzito kuliko mwingine, kama asilimia 60. Hivyo treni zako zibebe watu 510 hivi kwa saa kwa upande mmoja. Iandike namba hii ukutani.

Kuhusu utabiri uliopitiliza, mfano ni Sydney. Reli ya uwanja wa ndege ilifunguliwa mwaka 2000, abiria wakawa wachache mno kuliko ilivyotabiriwa, na kampuni binafsi ya vituo ikaangukia mikononi mwa wafilisi mwaka huohuo. Mwaka 2011 serikali ya jimbo iliondoa ada ya ziada kwenye vituo viwili vya njiani, Green Square na Mascot, na abiria wa vituo hivyo wakaongezeka sana. Wateja walikuwapo siku zote, ada ndiyo iliyowafukuza.

Hatua ya 2: Chagua aina ya muunganisho

Aina ziko nne. Ya kwanza ni treni maalumu ya haraka, kama Heathrow Express ya London na Airport Express ya Hong Kong, zote za mwaka 1998, au Arlanda Express ya Stockholm ya mwaka 1999. Ya pili ni kurefusha metro iliyopo: njia ya metro ya Piccadilly ya London ilifika uwanja wa Heathrow mwaka 1977, na Blue Line ya Chicago ikafika uwanja wa O'Hare mwaka 1984. Ya tatu ni kuipitisha reli kuu ya nchi chini ya uwanja, kama Zurich ilivyofanya mwaka 1980, ambapo treni ya kwenda mji mwingine kabisa husimama uwanjani kama kituo chochote kile. Ya nne ni gari dogo la reli linalojiendesha, la kukupeleka hadi kituo cha karibu, kama AirTrain ya uwanja wa JFK, New York, ya mwaka 2003.

Tukiulizwa, jibu letu ni hili: kama kuna reli kuu inayopita ndani ya kilomita chache, ipindishe ipite uwanjani. Treni hazigeuzi hapo, abiria wa mikoani wanafika bila kuingia katikati ya jiji, na reli haitegemei ndege peke yake. Ikishindikana, refusha metro. Treni maalumu iwe chaguo la mwisho, kwa jiji lenye uwanja mkubwa sana na njia nyingine za bei nafuu zikiwapo tayari. Hata Heathrow, treni hiyo humshusha abiria kituo cha Paddington kwa dakika 15, na wengi walilazimika kubadilisha hapo. Reli mpya ya London iitwayo Elizabeth line, iliyoanza mwaka 2022, huchukua muda mrefu zaidi lakini inapenya katikati ya jiji na kutokea upande wa pili bila kubadilisha.

Gari dogo la kuunganisha ni rahisi kujenga, ila linaongeza mbadilisho mmoja. Mbadilisho mmoja wenye ngazi, kwa mtu mwenye masanduku mawili na mtoto, ni sababu tosha ya kuita teksi.

Kabla ya kuondoka hatua hii, angalia upana wa reli. Gautrain ya Afrika Kusini, iliyofika uwanja wa OR Tambo Juni 2010, ilijengwa kwa milimita 1,435 wakati mtandao wa nchi ni wa milimita 1,067. Treni zake zina mwendo mzuri hadi kilomita 160 kwa saa, lakini haziwezi kuingia kwenye njia za kawaida, wala za kawaida kuingia kwake. Huo ni uamuzi unaoishi miaka mia, kwa hiyo ufanywe kwa makusudi.

Hatua ya 3: Funga ncha mbili kwanza

Amua mahali pa vituo viwili vya mwisho kabla ya kuchora mstari wa katikati. Upande wa uwanja, jukwaa liwe ndani ya mita 300 za kutembea kutoka ukumbi wa mizigo, chini ya paa moja, bila kuvuka barabara ya magari. Ikizidi hapo, weka mikanda ya kutembeza watu. Kukiwa na majengo mawili ya abiria yaliyo mbali, usijenge vituo viwili kwa haraka. Mara nyingi kituo kimoja katikati, chenye njia nzuri ya miguu kwenda pande zote mbili, hugharimu kidogo na hupunguza watu wanaoshuka pasipo pao.

Upande wa jiji ndiko kosa kubwa hutokea, kwa sababu ardhi ya katikati ni ghali na kila mtu anatafuta pa kuishia kabla ya kufika. Treni ya sumaku ya Shanghai ilipoanza ilikimbia zaidi ya kilomita 430 kwa saa na kumaliza kilomita 30 kwa dakika zisizozidi nane. Kituo chake cha mjini, Longyang Road, kiko mbali na katikati, na abiria anashuka na sanduku lake kuendelea na metro. Chicago nako walianza kuchimba kituo chini ya jengo la Block 37 kwa ajili ya treni za moja kwa moja za viwanja vya ndege. Mwaka 2008 kazi ikasimamishwa kikiwa ganda tupu, kwa sababu reli ya kukihudumia haikuwa na fedha. Usijenge ncha moja bila kuwa na hakika na nyingine.

Kama uwanja unajenga jengo jipya na reli haijapata fedha, jenga boksi la zege la kituo chini yake sasa hivi na uliache. Kuchimba chini ya jengo linalofanya kazi baadaye kutakugharimu mara kadhaa zaidi.

Hatua ya 4: Chora njia

Kona ndizo zinazoamua mwendo. Kwa reli ya milimita 1,435, ukiinua reli ya nje milimita 150 na kuruhusu upungufu wa milimita 100 (yaani mwinuko unaokosekana treni ikipita kwa mwendo kamili), nusu kipenyo cha kona kinachohitajika ni karibu mita 300 kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, mita 680 kwa 120, na mita 1,210 kwa 160. Tazama pengo kati ya hizo mbili za mwisho. Kona ya mita 1,210 haizunguki mtaa, inaukata, na kila nyumba inayokatwa ni fidia na kesi. Mwinuko wa asilimia 3 hadi 4 unabebeka kwa treni za umeme zenye mota kwenye mabehewa mengi. Ukikusudia kupitisha mizigo ya mafuta ya ndege kwenye reli hiyohiyo, shuka hadi asilimia 1.5 au chini yake.

Ukikaribia uwanja, sheria za anga zinaingia. Kwa njia ya kurukia yenye mitambo ya kutua kwa usahihi, Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga lina mpaka wa kufikirika unaoanza mita 60 nje ya ncha ya njia na kupanda kwa asilimia 2. Hakuna kitu kinachoruhusiwa kuuchoma. Daraja la juu la mita 9 likibeba milingoti ya umeme ya mita 7 linafika mita 16. Mita 16 kwa asilimia 2 ni mita 800. Kwa hiyo daraja hilo, kama ardhi ni tambarare, lisikatize mbele ya njia ya kurukia kabla ya mita 860 kutoka kwenye ncha. Ukishindwa, shuka chini au ingia handakini. Watu huligundua hili mchoro ukiwa umekamilika na nguzo zimeshapangwa.

Kuna mambo mawili ya umeme yasiyoonekana. Treni ni ukuta mrefu wa chuma unaotembea, na unaweza kurudisha mawimbi ya redio yanayoongoza ndege kutua. Mamlaka ya anga itadai uchunguzi wake, na uchunguzi huo hauharakishwi. Pili, reli za mjini zinazotumia umeme wa mkondo mnyoofu, volti 750 au 1,500, huvujisha mkondo ardhini kupitia reli. Mkondo huo hutafuta njia rahisi ya kurudi, na karibu na uwanja wa ndege njia hiyo ni mabomba ya mafuta. Bomba huliwa na kutu mahali mkondo unapotokea. Dawa ni kuzitenga reli na ardhi kwa pedi za mpira, kuweka nyaya za kukusanya mkondo chini ya njia, na kupima kila mwaka. Ukitumia mkondo geu wa volti 25,000 tatizo hilo hupungua, ila nyaya za simu zilizo sambamba zitapata umeme wa kuambukizwa na lazima zikingwe.

Handakini, maji ndiye adui. Handaki la Romerike, kwenye reli ya kutoka Oslo, Norwe, hadi uwanja wa ndege wa Gardermoen, lina urefu wa kilomita 14.5. Wakati wa kuchimba, maji yalivuja hadi vidimbwi vya msituni juu yake vikashuka, na handaki likafunguliwa Agosti 1999, karibu mwaka mmoja baada ya reli yenyewe kuanza. Gautrain nayo ilicheleweshwa na maji yaliyokuwa yakiingia handakini kati ya vituo vya Rosebank na Park. Kipande hicho kilifunguliwa Juni 2012, miaka miwili baada ya kile cha uwanja. Toboa ardhi na upime maji kwa msimu mzima wa mvua na mzima wa kiangazi kabla ya kutangaza zabuni. Na Oktoba 1994, mahandaki ya Heathrow Express yaliporomoka katikati ya uwanja wakati wa ujenzi. Hakuna aliyekufa, lakini dalili za ardhi kutitia zilikuwa zimeonekana kabla. Vipimo vya ardhi kutitia visivyosomwa na mtu mwenye mamlaka ya kusimamisha kazi siku hiyohiyo havina faida.

Hatua ya 5: Ratiba kwanza, treni baadaye

Hapa ndipo tunapotaka ukae muda mrefu, kwa kuwa hapa pesa nyingi huokolewa au kupotea.

Chukua kilomita zetu 24 bila kusimama popote. Kwa kilomita 120 kwa saa, ukijumlisha muda wa kuondoka na wa kufunga breki, safari ni dakika 12 na sekunde 40. Kwa 160, ni dakika 9 na sekunde 50. Umenunua kona za mita 1,210, treni ghali zaidi, umeme zaidi na fidia zaidi, ukapata chini ya dakika tatu.

Sasa acha mwendo kama ulivyo, badilisha idadi ya treni. Treni ikija kila dakika 30, abiria anayefika bila kuangalia ratiba husubiri wastani wa dakika 15. Ikija kila dakika 15, anasubiri 7 na nusu. Umeokoa dakika 7 na nusu bila kupinda reli hata sentimita moja. Na anayetoka kwenye ndege hawezi kupanga saa ya kufika jukwaani. Mizigo na uhamiaji ndivyo vinavyompangia.

Vituo vya njiani ndivyo vitakavyoleta wale wafanyakazi 4,320. Kila kituo kinagharimu karibu sekunde 80: sekunde 40 za kupunguza na kuongeza mwendo, na 40 za milango kuwa wazi. Kwa vituo vitatu safari inakuwa dakika 16 na sekunde 40. Ongeza asilimia 8 za akiba ya ucheleweshaji, unapata dakika 18.

Sasa idadi ya treni. Kwenda dakika 18, kugeuza 8, kurudi 18, kugeuza 8: mzunguko ni dakika 52. Gawa kwa 15 unapata 3.47, maana yake treni 4, na mzunguko unajazwa hadi dakika 60. Ongeza moja iliyo karakanani kwa matengenezo na moja ya akiba iliyo tayari kuondoka: sita. Usinunue tano ukidhani mafundi watafanya muujiza.

Angalia zile dakika 8 zilizobaki kati ya 52 na 60. Kila kituo kipya kinaongeza dakika 2.9 hivi kwenye mzunguko. Vituo viwili zaidi vinaingia humo bila kununua treni. Cha tatu kinakupeleka dakika 60 na ushee, na hapo ratiba inadai treni ya tano barabarani. Diwani akija kuomba kituo mtaani kwake, mwonyeshe hesabu hii.

Treni nne kwa saa, kila moja ikibeba watu 200 wenye mizigo, ni nafasi 800 dhidi ya mahitaji ya 510. Zikiwa mbili kwa saa ni 400, na watu wanabaki jukwaani. Kwa hiyo dakika 15 si anasa, ni kima cha chini.

Njia moja yenye sehemu za kupishania huvutia wahasibu. Kwa treni nne zinazozunguka hivi, treni zinakutana kila baada ya dakika 7 na nusu za mwendo, na iliyochelewa inaichelewesha inayokuja, nayo inamchelewesha wa nyuma. Fedha zikikosekana kabisa, chukua ardhi na ujenge madaraja ya njia mbili, ulaze moja.

Saa za huduma zifuate ndege na zamu. Ndege ya kimataifa ya saa 12 asubuhi inamtaka abiria saa 9 usiku, na zamu ya asubuhi huanza saa 10 au 11 alfajiri. Treni ya kwanza ya saa 11:30 haimfai yeyote kati yao. Jioni, treni ya mwisho iondoke angalau dakika 75 baada ya ndege ya mwisho kutua. Matengenezo yanahitaji muda wa saa nne kila usiku. Ukiweka njia za kuvushia treni kutoka njia moja hadi nyingine kila kilomita 6 au 8, unaweza kufunga njia moja na kuendesha treni kwenye nyingine kila nusu saa au saa.

Hatua ya 6: Treni na jukwaa

Simama kwenye mlango wa behewa utazame gurudumu la sanduku. Gurudumu dogo lina kipenyo cha sentimita 5 au 6. Pengo kati ya jukwaa na behewa likiwa sentimita 12, gurudumu linazama, mwenye sanduku anasimama kulivuta, na watu 15 nyuma yake wanasimama naye. Sekunde 40 ulizopanga zinakuwa 70. Vituo vyote vitatu vikifanya hivyo, akiba yako ya asilimia 8 imekwisha kabla ya kufika. Lenga pengo lisilozidi milimita 75 kwa ulalo na milimita 50 kwa wima. Kwa hiyo jukwaa liwe kwenye njia iliyonyooka, kwa kuwa kwenye kona pengo haliepukiki.

Milango iwe na upana wa milimita 1,300 au zaidi, miwili kila upande wa behewa. Katika hesabu ya nafasi, weka watu wawili hadi watatu wanaosimama kwa mita ya mraba. Takwimu za watengenezaji za watu wanne au sita ni za watu wasio na mizigo. Rafu za masanduku ziwe karibu na milango na zionekane kutoka kwenye viti. Rafu zilizojificha nyuma ya ukuta hazitumiki: mwenye begi halioni, basi analiweka miguuni pa jirani.

Uso wa jukwaa uinamie upande wa ukuta, kamwe usiinamie reli, maana toroli likiachwa litajiendea lenyewe. Lifti ziwe mbili kwa kila jukwaa kwa sababu moja itaharibika, na iwe na mlango wa mbele na wa nyuma ili mtu asigeuze toroli ndani. Angalau nusu ya mageti ya tiketi yawe na upana wa milimita 900. Haya ni mambo madogo na ndiyo yanayolalamikiwa kila siku.

Hatua ya 7: Kukabidhi mizigo mjini

Hong Kong na Kuala Lumpur zilijenga kaunta za kukabidhi mizigo kwenye kituo cha jiji, na ni huduma nzuri kweli. Inataka behewa la mizigo lililofungwa, ukaguzi wa usalama, mikanda chini ya uwanja na mashirika ya ndege yanayokubali kuweka wafanyakazi sehemu mbili. Bangkok ilianza treni za haraka mwaka 2010, ikawa na huduma hiyo pia. Zote mbili zilikufa baadaye, na treni za kawaida za vituo vyote zikaendelea kujaa. Acha nafasi tupu ya kaunta na shimo la mkanda, usijenge kingine.

Hatua ya 8: Nauli na tiketi

Linganisha nauli yako na teksi ikiwa na watu watatu, kwa sababu wasafiri huenda wawili, watatu. Nauli ya mtu mmoja ikizidi theluthi ya teksi, familia ya watatu inafikishwa mlangoni kwa bei ileile au pungufu. Weka tiketi ya kundi, na kadi ya mwezi ya wafanyakazi wa uwanja kwa bei ya usafiri wa kawaida wa mjini. Tiketi iendelee kwenye basi na metro bila kulipa upya.

Toronto ilijifunza haraka. Reli yake ya uwanja wa ndege, UP Express, ilifunguliwa Juni 2015 kwa dola 27.50 za Kanada kwa safari moja, treni zikawa zinakwenda na viti vitupu. Machi 2016 nauli ikashushwa hadi dola 12, abiria wakapanda kwa wingi.

Mashine za tiketi ziwekwe ndani ya ukumbi wa mizigo, ambako watu wanasimama bila kazi wakisubiri mkanda, na geti likubali kadi ya benki kwa kugusa. Mgeni aliyetua hana sarafu wala simu yenye bando.

Hatua ya 9: Ujenzi na majaribio

Kwenye mikataba, lawama hupotelea kwenye maungio: mkandarasi wa zege na wa reli, wa reli na wa ishara, reli na jengo la uwanja. Teua mtu mmoja mwenye mamlaka juu ya maungio hayo. Kagua sehemu zisizovutia kupigwa picha. Reli ya uwanja wa ndege ya Delhi ilifunguliwa Februari 2011, ikafungwa Julai 2012 kwa kasoro kwenye vibebeo vinavyokaa kati ya nguzo na daraja, na iliporudi Januari 2013 ilitembea kwa kilomita 50 kwa saa.

Berlin ilikuwa na kituo kilichokamilika chini ya jengo la uwanja mpya, jengo lenyewe likachelewa hadi Oktoba 2020. Kwa miaka, treni tupu zilipita humo ili hewa ya handakini isitulie na unyevu usiharibu. Ratiba za ujenzi wa reli na wa uwanja zisomwe kwenye jedwali moja.

Majaribio yafuate mpangilio: mifumo ikiwa imesimama, kisha treni moja kwa mwendo mdogo, kisha mwendo kamili, kisha treni zote kwa ratiba kamili bila abiria kwa miezi mitatu. Fanya zoezi la kuhamisha watu handakini usiku, na washiriki wawe na masanduku halisi. Utaona njia ya pembeni iliyopimwa kwa mtu mikono mitupu inavyoziba. Milango ya kuvukia handaki la pili huwekwa kila mita 240 hadi 500 kulingana na sheria ya nchi, chagua karibu.

Hatua ya 10: Siku treni inapokwama

Aliyechelewa kazini hununa, aliyekosa ndege hudai fidia. Andika utaratibu kabla ya kufungua: treni ikisimama dakika 10, tangazo litolewe likitaja sababu na makadirio, ikifika 20, mabasi yaitwe bila kusubiri idhini ya bosi. Msimamizi wa zamu awe na mamlaka hayo kwa maandishi, na mkataba wa mabasi uwe umeshasainiwa, ukitaja idadi, muda wa kufika na bei. Uwanja nao upewe taarifa kwa wakati uleule ili mashirika ya ndege yajue nani yuko njiani. Sehemu ya kuegesha mabasi hayo, mbele ya jengo la abiria na mbele ya kila kituo, ichorwe tangu ramani ya kwanza. Ukisubiri hadi siku ya tukio, utakuta teksi zimeshajaa hapo.